Kuhamisha moduli toka Python 3.11 kwenda 3.12 kwa pip: uzoefu wangu

Pip, programu ya kusakinisha moduli za Python, naipa nyota nne kati ya tano. Kompyuta za Windows ninazohudumia hapa Mtwara zinajumlisha uzito wa korosho za vyama vya msingi kwa pandas na openpyxl (moduli za kuchakata majedwali na faili za Excel), kwa hiyo moduli zikipotea, kazi imesimama. Fanya uhamisho huu Mei au Juni. Minada ikishaanza Oktoba, usiguse Python.

Usinakili folda ya site-packages, ambamo moduli hukaa, toka Python311 na kuibandika Python312. Moduli kadhaa zitaitika, utadhani umefaulu, kisha pandas itagoma. Sababu inasomeka kwenye majina ya faili za .whl, yaani vifurushi vya moduli ambavyo pip hushusha. openpyxl-3.1.2-py2.py3-none-any.whl ni Python tupu, inakaa popote. numpy-1.26.4-cp311-cp311-win_amd64.whl ina vipande vya C vilivyojengwa kwa 3.11 pekee, hilo cp311 ndilo la kukagua. Kupanda toka 3.11.4 hadi 3.11.9 hakuna tatizo, maana namba ya kati haijabadilika.

Kabla ya yote, toa orodha mbili. Ya kwanza: py -3.11 -m pip freeze > zamani.txt, ambayo ni kumbukumbu ya kila kitu na toleo lake. Ya pili: py -3.11 -m pip list --not-required, inayoonyesha moduli zisizotegemewa na nyingine. Majina hayo yaandike kwenye moduli.txt bila namba za toleo. Hii ya pili ndiyo ya kusakinishia. Ukitumia ya freeze, mstari kama numpy==1.23.5 utakukwamisha: toleo hilo halina faili la 3.12, hivyo pip inajaribu kulijenga lenyewe na kumwaga kurasa za makosa, mara nyingi yenye neno ImpImporter. Numpy ilianza kuikubali 3.12 kwenye 1.26.0. Nyota moja nimeikata hapa, kwa sababu ujumbe huo haumwambii mtu kwamba tatizo ni toleo, na wengi wanalaumu mtandao.

Sakinisha 3.12 pembeni ya 3.11, usifute ya zamani. Tangu hapo amri ya py peke yake huita toleo jipya, na ModuleNotFoundError (kosa la moduli kutoonekana) ikitokea watu hupiga kelele kwamba moduli zimefutika. Hazijafutika, andika py -0 uone matoleo yote mawili yapo.

Kinachonifurahisha zaidi ni kuokoa bando. Numpy na pandas pekee zinazidi MB 20, sasa zidisha kwa kompyuta sita. Shusha mara moja:

py -3.12 -m pip download -r moduli.txt -d furushi

Nakili furushi na moduli.txt kwenye flashi, halafu kwenye kila mashine, bila intaneti, tengeneza venv (folda ya kazi yenye moduli zake yenyewe) na usakinishe humo:

py -3.12 -m venv kazi
kazi\Scripts\activate
pip install --no-index --find-links=furushi -r moduli.txt

Mazingira ya venv ya zamani usiyahamishe wala kuyabadilisha jina, kwani pyvenv.cfg imeshikilia njia ya Python ya zamani, na faili za Scripts zimeshikilia njia ya folda yenyewe. Tengeneza mapya.

Malizia na pip check. Ikijibu "No broken requirements found", endesha hesabu ya msimu uliopita kwa 3.11 na 3.12, ulinganishe jumla za kilo. Python311 iache kwenye mashine mpaka mnada wa mwisho upite.