Uzoefu wangu: fiksi ilikuwa haiumwi, fundi akaiponya

Ukiwa na baiskeli ya fiksi hapa Dar, usimwachie fundi ukaenda kunywa chai. Simama palepale umtazame mikono. Hata akikwambia "nenda tu bosi, ukirudi utaikuta tayari." Hasa akikwambia hivyo.

Kwa asiyeijua, fiksi ni baiskeli isiyo na friwili, ile gia ya nyuma inayoliacha tairi lizunguke huku pedeli zimetulia. Tairi la nyuma likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Hakuna kupumzisha miguu mteremkoni, hakuna ile "trrrr" ya baiskeli inayojiendea yenyewe. Ukitaka kupunguza mwendo unazikaza pedeli kwa kuzirudisha nyuma. Breki ni mapaja yako. Jina nalo ni balaa. Nikisema ofisini nimekuja na fiksi watu wanacheka, maana kwetu fiksi ni uongo. "Leo umetupigia fiksi gani?" Kila asubuhi. Dada wa mapokezi hajachoka mpaka leo.

Niliinunua kwa muuzaji wa mitumba Ilala, 250,000 baada ya kubishana hadi jua likazama. Haikuwa na breki hata moja. Nilipouliza, jamaa alinitazama kama nimemtukania mama. "Ya mashindano hii kaka, ya Japani. Breki za nini?" Na kweli Wajapani wana mashindano yao ya keirin, yaliyoanzia Kokura mwaka 1948, watu wanaweka pesa kama wanavyobeti mpira huku kwetu, na baiskeli za mle ni fiksi zisizo na breki. Nikanyamaza, nikajiona mwanamashindano. Ila hukohuko Japani ukitoka nayo uwanjani ukaingia barabarani bila breki ya mbele na ya nyuma, ni kosa kisheria. Uwanjani hakuna bajaji inayogeuza katikati ya njia. Hilo nililijua baadaye na silaumu mtu, ujinga ulikuwa wangu.

Wiki za mwanzo, jamani, nilikuwa na raha ambayo sijaipata kwenye chombo chochote. Natoka Sinza, nashika Shekilango, naingia Barabara ya Morogoro, napita Manzese na Magomeni mpaka Posta. Kwenye foleni fiksi ni kitu kingine. Unakwenda taratibu kuliko mtu anayetembea na huanguki, kwa sababu miguu inaishika baiskeli mbele na nyuma kama mtu aliyeshika mtoto mabega. Taa zikiwa nyekundu naweza kusimama bila kushusha mguu, nikisukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Bodaboda walikuwa wananipigia honi za heshima. Mmoja aliniuliza kama ina betri.

Halafu pancha.

Ilikuwa baada ya Idi, wiki ya pili au ya tatu, mvua zimeanza kuonja onja. Tairi la nyuma likaisha upepo Magomeni Mapipa, na bahati yangu (niliona bahati) kulikuwa na fundi chini ya mwarobaini, mzee wa makamo, beseni la maji, pampu, vipande vya mpira vimening'inia kwenye msumari. Nimechelewa kazini. Nikamwachia, nikaenda kibanda cha jirani, chai na chapati mbili. Dakika 25, si zaidi. Nilisikia nyundo ikigonga. Nikajiambia kuna mtu anajenga.

Niliporudi baiskeli imeegeshwa, imefutwa vumbi. "Elfu nane, mwanangu." Pancha, elfu nane! Nilivaa tai siku hiyo, nikadhani nalipia tai. Nikatoa pesa bila kuuliza, ndiyo maana nasema sehemu ya hasira hizi ni zangu mwenyewe. Halafu kulikuwa na dalili nyingine. Fiksi, ukitaka kuipanda, huwezi kuirudisha pedeli nyuma kwa kidole cha mguu ili ikae juu. Lazima uinue tairi la nyuma kwanza. Asubuhi ile niliirudisha kwa ncha ya kiatu, ikarudi laini kabisa, "trrrr", nami nikapanda. Kichwa kilikuwa kwenye saa.

Aliyeizoea fiksi haachi kukanyaga. Nikakanyaga, nikakanyaga, njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, ile ya pembeni ya mabasi ya mwendokasi ambayo kwa kawaida imejaa bodaboda na wauza soksi, leo iko wazi. Kutoka Mapipa kuingia bonde la Msimbazi kuna mteremko. Si mlima, lakini gia yangu, pedeli zikizunguka mara 1 tairi linazunguka mara 3, kwa hiyo mwendo unakuja upesi. Nikaona mbele muuza madafu anasukuma baiskeli yake, mzigo umejaa kulia na kushoto. Nikakaza miguu nyuma kama kawaida.

Miguu ikaingia kwenye hewa.

Sijui niielezeje. Ni kama unashuka ngazi gizani, unadhani imebaki moja, kumbe hakuna. Pedeli zilizunguka nyuma mzima mzima, tupu, na baiskeli haikujua kama nimefanya chochote. Nikarudia. Tupu. Hapo mwili ukakumbuka utoto wa Tandale, breki ya kandambili: unachomeka wayo kwenye tairi la mbele, pale chini ya uma, unabana. Tofauti ni kwamba utotoni nilikuwa na kandambili, leo nina kiatu cha ngozi nilichokivalia harusi mbili. Kikapiga kelele, ikaja harufu ya mpira na ngozi kuungua, baiskeli ikayumba, nikauacha usukani uende kwenye mchanga, na bega langu likaenda kwenye madafu.

Manne yalianguka, moja likapasuka. Muuza madafu alinishika mkono kabla sijafika chini kabisa. Hakunifokea. Alitazama baiskeli mbele, akatazama nyuma, akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "Bosi, breki huna?" Nilimlipa manne yote, akanipa lililopasuka nilinywe.

Nikapandisha kilima kwa miguu, nikiisukuma, kiatu kimoja kina tundu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nayo makali kweli. Lakini mzee ni mzee, na malezi ni malezi, nilipofika neno la kwanza likatoka lenyewe, "Shikamoo." "Marahaba mwanangu, mbona umerudi?" Ukishasema shikamoo, matusi unayaanzia wapi?

"Mzee, baiskeli yangu umeifanya nini?"

"Nimekusaidia. Ilikuwa mbovu. Tairi likizunguka na pedeli zinazunguka, mtu anaendesha vipi hivyo? Friwili yako ilishikana siku nyingi. Nimekufungia nyingine, na pancha humohumo, elfu nane."

Nikamweleza. Kwamba haikushikana, ndivyo ilivyotengenezwa, inaitwa fiksi. Nilieleza vizuri, kwa mikono, mpaka nikageuza tairi. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha pili walishasogea. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua kitambaa, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Fiksi kweli. Aliyekuuzia kakupiga fiksi."

Kijiwe kizima kikalipuka. Kuna mmoja alishika tangi la pikipiki yake asianguke. Na mpaka leo nikipita pale wananiita Fiksi. Nimeshalipia madafu, nimeshapeleka kiatu kwa fundi viatu, bega limepona, lakini hicho kicheko bado kimenikaa kooni. Mzee angeniuliza tu kwanza, "Hii ndivyo ilivyo?" Maneno matatu. Fundi wa gari akikuta kitu asichokijua anapiga simu. Fundi wa baiskeli yeye anaponya.

Nikadai sproketi yangu, ile gia ya meno ya nyuma aliyoifungua. Ilikuwa kwenye kopo la rangi pamoja na nati, spoku zilizopinda na gololi, nzima. Tatizo ni pete. Sproketi ya fiksi inafungwa kwa nyuzi, na juu yake inakaa pete ya kukazia ambayo nyuzi zake zimegeuzwa, inafungwa kushoto. Ndiyo akili yake yote: ukirudisha pedeli nyuma, sproketi ikitaka kufunguka, pete inazidi kubana. Mzee aliipiga kwa patasi na nyundo upande wa kawaida wa kufungulia, kumbe ndiko inakokaza. Ameipiga mpaka meno yote yamelala upande mmoja kama majani ya mpunga baada ya mvua. Iliposhindikana akaikata kwa msumeno. Nilivishika vile vipande viwili kiganjani, na alama za patasi zinang'aa. Ile nyundo niliyoisikia nikinywa chai.

Sproketi bila pete ni kifo cha pili. Ukikaza miguu tu, inajifungua. Mzee akasema hakuna shida, tunaichomelea. Habu, yaani kitovu cha tairi, ni ya aluminiamu, sproketi ni ya chuma, havichomelewi pamoja, na hata vingechomelewa nisingemwachia tena. Nilizunguka Kariakoo Jumamosi mbili nikitafuta pete. Kila duka wananitolea friwili. "Hii hapa, mpya." Nikisema sitaki friwili, wananitazama kama nimeingia hotelini nikasema sitaki chakula.

Sasa haki iko wapi? Kama swali ni je, nikushauri ununue fiksi Dar, jibu ni hapana. Hakuna vipuri, hakuna fundi, na ukiiendesha bila breki kama nilivyofanya wewe ni mjinga mwenzangu. Halafu nikiandika hivyo nakumbuka ile asubuhi ya Manzese, foleni imesimama kuanzia Tip Top, na mimi napita katikati taratibu, miguu na barabara vinaongea, na naona nimeisema vibaya. Basi inunue, ila ufunge breki. Na pete ya akiba uiweke mfukoni. Hapana, pete mbili.

Na mzee? Nilikuwa nimekusudia kumwandika vibaya mpaka mwisho. Lakini siku ileile, baada ya kicheko, bila mimi kuomba, aliiinamisha baiskeli, akaona uma una tundu la breki, akatoa breki ya mtumba kwenye boksi lake, akaifunga, akaivuta mara tatu, akainua tairi akalizungusha akalikamata. Hakutaka hela. "Sasa una baiskeli ya mtu mzima," akasema, na hata hapo sikujua kama ni msaada au ni tusi la pili. Breki ile inashika kuliko za baiskeli mpya. Inaniudhi.

Kinachoniudhi zaidi ni friwili yenyewe. Asubuhi nikishuka mteremko uleule, kwenda Jangwani, siku hizi nimeacha kukanyaga, nimekaa tu, tai inapepea, inalia "trrrr" mpaka chini, na ni raha. Yule wa madafu akiniona ananipungia.

Juzi tu taa za barabarani pale Fire zikawaka nyekundu ghafla. Mkono ulikuwa umeshika breki, lakini miguu ikaenda kwanza, ikakaza nyuma kwa nguvu zote, ikazunguka tupu. Bodaboda wa pembeni akacheka. "Cheni imechomoka, kaka?"