Fundi viatu wa soko la Virunga, Goma: soli ya tairi kwa mawe ya volkano

Soli ya buti langu la kulia ilibanduka Jumanne moja asubuhi katika kambi ya waliokimbia vita ya Bulengo, nje kidogo ya Goma, wakati napima klorini kwenye maji ya bomba. Kina mama wamepanga madumu yao ya manjano, mimi nimeshika kichupa natazama maji yakigeuka rangi ya waridi, nikapiga hatua moja, soli ikabaki nyuma. Mama mmoja kwenye foleni akachana ukingo wa kitenge chake, akainama, akanifungia buti kabla sijasema lolote. Siku hiyo yote nilitembea na kitenge cha mtu aliyekimbia kwake bila mzigo. Jioni nilimwambia dereva wetu: nataka fundi wa kweli, leo hii.

Mimi ni mtu wa Tanga, miguu yangu imezoea mchanga. Goma ni kitu kingine kabisa. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, yakiwemo yale ya Januari 2002 yaliyopita katikati ya mji mpaka yakaingia ziwani Kivu. Lava ikipoa upesi, gesi iliyomo huacha vitundu tele, na jiwe likivunjika kila kitundu kinakuwa na ukingo wa kukata kama msumeno. Kule kambini kuchimba choo cha shimo kulikuwa shida tupu, ndiyo maana vyoo vyetu vingi vilijengwa juu, na ngazi zake. Buti nilizotoka nazo nyumbani, za bei nzuri tu, zilidumu wiki saba. Fundi wa kwanza, wa mtaani kwangu, alizipaka gundi akanihakikishia zimepona. Zilidumu mpaka siku ya pili tu.

Huyu ninayemsifu hapa yuko ubavuni mwa soko la Virunga, upande wa wauza madumu na ndoo. Hana kibao. Ana mwavuli mkubwa uliofifia, benchi moja, na kijana anayejifunza kazi. Watu wa hapa humwita kordonie. Ukiuliza fundi viatu wataelewa, ila polepole. Mimi nilisema "soli" na "gundi", yeye akasema "semeli" na "kole", tukaishia kuonyeshana kwa vidole.

Kilichonipendeza ni kwamba hakukimbilia kutaja bei. Aliigeuza buti, akaikunja, akainusa.

"Iko kole tu hapa, mama. Haina uzi." Kisha akauliza: "Unakanyaga mu nini?"

Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza kwamba kwenye kituo cha wagonjwa wa kipindupindu, kila ukiingia na ukitoka unakanyaga maji ya klorini ya asilimia 0.2, na kwa siku naweza kuingia na kutoka mara kumi. Akatikisa kichwa. Dawa ile, alisema, inakula uzi na inakausha ngozi. Akaniagiza nisuuze buti kwa maji matupu kila jioni, nizianike kivulini, zisiguse jua. Miaka yote niliyofanya kazi ya maji, nimewafundisha watu kuchanganya klorini na sikuwahi kufikiria inafanya nini kwenye viatu vyangu mwenyewe.

Kazi yenyewe: aling'oa soli zote mbili, hata ile iliyokuwa bado imeshika. Akakata mpya kutoka kwenye tairi la lori kwa kisu alichokuwa akikilowesha maji, akapaka gundi, akaacha ikauke, halafu akashona pembeni mzunguko mzima, uzi mara mbili. Nilimuuliza kama tairi litahimili. Akanyoosha mkono barabarani, chukudu, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, ilikuwa inapita na magunia ya makaa, magurudumu yake ya mbao yamevikwa mpira uleule.

"Ile iko inabeba makala juu ya hii mawe kila siku. Wewe uko na kilo ngapi?"

Sasa ni mwezi wa tano na mshono haujaachia hata tundu moja. Nililipa franga 15,000 kwa jozi.

Yapo ya kujua kabla hujaenda. Buti zinakuwa nzito, wiki ya kwanza mapaja yaliniuma. Mpira unaacha mistari myeusi kwenye vigae, na anayesafisha ofisi yetu amenilalamikia kwa haki. Mvua ikinyesha hafanyi kazi, kwa sababu gundi haishiki, kwa hiyo "kesho" yake ilikuwa siku tatu, na siku hizo tatu nilikwenda kazini na raba za mwenzangu zilizonibana vidole. Hilo lilinikera, lakini bora hivyo kuliko kupewa kiatu kilichobandikwa kikiwa kibichi. Na usiende na dola iliyochanika. Yangu ilikuwa na mchaniko mdogo pembeni, kama ukucha, akanirudishia kwa upole: hapa hakuna atakayeipokea. Madukani nako, kote nilikopita, walikataa vilevile. Beba franga.

Peleka viatu vimeoshwa. Akiona tope anamwachia kijana kwanza na unapoteza saa nzima. Nenda asubuhi, kabla soko halijajaa.

Siku ya kuchukua buti, ndani ya ile ya kulia nilikuta kile kipande cha kitenge, amekifua na kukikunja. Nilikirudisha Bulengo wiki hiyohiyo. Mama yule alicheka, akakifunga kwenye mpini wa dumu lake ili lisipotee kwenye foleni.