Kebo ipi ununue ili konsoli yako itoe picha safi: orodha kuanzia ya kwanza hadi ya kuikwepa

Kabla hujatoa hela, geuza konsoli yako uangalie mgongoni. Tundu la picha lililopo pale ndilo linaloamua karibu kila kitu. Kama ni HDMI, huhitaji kutumia pesa nyingi, na mara nyingi huhitaji kununua chochote. Kama hakuna HDMI, yaani una PlayStation 2, Wii, GameCube, Xbox ya kwanza au mashine ya zamani zaidi, basi hakuna kitu cha bei nafuu kitakachoibadilisha picha yako kuliko kebo. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hufanya kinyume: wananunua HDMI ya bei mbaya yenye vichwa vya dhahabu kwa ajili ya PS5, huku PS2 yao ikiendelea kuchezwa kwa waya wa njano wa AV.

Tofauti inatokana na kile kinachopita ndani ya waya. Kwenye analojia, picha ni umeme unaopanda na kushuka, na chochote kinachouvuruga njiani utakiona kwenye skrini. Kwenye HDMI zinasafiri namba. Zikifika salama, picha ni ileile iliyotoka kwenye konsoli, kebo iwe rahisi au ghali. Zisipofika, utaona vidoa vikimetameta, skrini itazima kidogo na kurudi, au utaambiwa hakuna mawimbi. Muuzaji akikuambia kwamba HDMI yake inakoleza rangi, mshukuru na uendelee na safari. Dhahabu kwenye vichwa huzuia kutu tu.

Nimepanga orodha hii kwa kuangalia picha utakayoipata ukilinganisha na usumbufu na gharama ya kuifikia.

1. HDMI iliyokuja kwenye boksi, au ya daraja lilelile

PS5, Xbox Series X na Switch 2 huuzwa zikiwa na kebo ya daraja la juu kabisa, lile linaloandikwa "Ultra High Speed", lenye uwezo wa kupitisha gigabiti 48 kwa sekunde. Hiyo inatosha 4K kwa fremu 120 kwa sekunde. Itumie. Ukiwa umeipoteza, au unataka ndefu zaidi, nunua kwa daraja linalolingana na konsoli yako. "High Speed" ya kawaida, gigabiti 10.2, inatosha kabisa kwa PS3, Xbox 360, PS4 ya kawaida na Switch ya kwanza, kwa kuwa zote zinaishia 1080p, yaani picha ya mistari 1080. "Premium High Speed", gigabiti 18, ni ya mashine za 4K kwa fremu 60 zenye HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza), kama PS4 Pro na Xbox One X. Kulipia zaidi ya mahitaji ya mashine yako hakuongezi hata pikseli moja.

Usidanganywe na maandishi ya "2.1" au "8K" kwenye pakiti. Namba za toleo ni za vifaa, kama runinga na konsoli. Kebo hutambulika kwa daraja lake. Kwenye boksi la Ultra High Speed iliyothibitishwa kuna stika yenye msimbo wa QR unaosomwa kwa programu rasmi ya HDMI ya kukagua kebo. Isome ukiwa bado dukani. Kama stika haipo, au haisomeki, rudisha boksi mahali pake.

Urefu nao una maana kubwa kuliko jina la kampuni. Kwa kasi ya juu namna hii, kebo ya shaba ya hadi mita 3 haina matatizo, lakini ukipita mita 5 anza kutafuta ile yenye nyuzi za mwanga ndani. Hizo zina upande: kichwa kimoja kimeandikwa kwamba ni cha chanzo, kingine cha skrini. Ukizigeuza utapata giza, na wengi huirudisha dukani kebo nzima wakidhani ni mbovu.

2. Komponenti, kwa PS2, Wii na Xbox ya kwanza

Hii ndiyo kebo ambayo ningependa kila mwenye mashine za kizazi hicho awe nayo. Ina vichwa vitano: kijani, buluu na chekundu kwa picha, halafu chekundu kingine na cheupe kwa sauti. Waya wa njano wa kawaida huchanganya mwanga na rangi ndani ya uzi mmoja, na runinga inalazimika kuvitenganisha tena kwa kukisia. Komponenti inavipitisha mbalimbali, kwa hiyo hakuna cha kukisia. Angalia maandishi madogo kwenye menyu ya gemu, hasa ya rangi nyekundu juu ya giza. Kwa njano, kingo zake zinavuja na vinukta vinatambaa pembeni mwa herufi. Kwa komponenti, herufi inakaa mahali pake na unaisoma bila kusogelea skrini.

Faida ya pili ni 480p, yaani mistari 480 inayochorwa yote kwa mpigo mmoja. Wii na gemu nyingi za Xbox ya kwanza hutoa fremu kamili badala ya mistari nusu nusu inayopishana, na runinga za kisasa hupenda sana hivyo. Kwenye PS2 gemu zenye 480p ni chache, lakini hata 480i, ile ya mistari nusu nusu, kwa komponenti inaipita njano kwa mbali.

Sasa jambo ambalo mara nyingi halijaandikwa kwenye pakiti: kubadilisha kebo peke yake hakutoshi. Kwenye Wii, ingia mipangilio ya skrini uchague 480p, la sivyo utaendelea kupata 480i ileile. Kwenye PS2, washa bila diski, ingia mipangilio ya mfumo, tafuta sehemu ya komponenti, na utoe RGB uweke Y Cb/Pb Cr/Pr. Fanya hivyo ukiwa bado kwenye waya wa njano, maana ukichomeka kebo mpya kabla ya hapo picha itatoka na rangi za ajabu na utadhani umeuziwa kebo bandia. PS2 na PS3 zina tundu la aina moja, hivyo kebo moja inahudumia zote mbili.

Kwa Wii pekee, adapta ndogo ya HDMI inayochomekwa mgongoni ni mbadala unaokubalika kama runinga yako haina komponenti. Boksi likikuahidi 1080p, puuza: Wii haitoi zaidi ya 480p.

GameCube ni habari ya peke yake. Matoleo ya mwanzo, DOL-001, yana tundu la pili la picha, la dijitali, na kebo ya komponenti ya Nintendo ilikuwa na chipu ndani yake ya kuzigeuza zile namba kuwa analojia. Ndiyo maana ni adimu na wenye nazo hawaziuzi kirahisi. Siku hizi zipo adapta za HDMI zinazosoma tundu lilelile moja kwa moja, na hizo ndizo za kununua. Ila hakiki kwanza namba ya modeli chini ya mashine, kwa sababu DOL-101 iliondolewa tundu hilo. Mwenye Dreamcast atafute kebo ya VGA, ile ya skrini za kompyuta. Gemu nyingi zake zinaikubali na picha ya 480p inayotoka inashangaza kwa mashine ya 1998.

3. RGB kupitia SCART

Kwa ubora halisi, RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu kila moja kwenye uzi wake, haishindwi na komponenti. Nimeishusha kwa sababu ya usumbufu tu: inahitaji runinga yenye SCART, tundu pana la pini nyingi, ambazo zilienea Ulaya, au kifaa cha kuibadilisha. Lakini kama unacheza Super Nintendo, Mega Drive, Saturn au PlayStation ya kwanza, ihesabu kuwa ya kwanza, kwani mashine hizo hazitoi komponenti kabisa.

SCART ni umbo la kichwa. Kilichomo ndani hutofautiana. Kigeuze kichwa uhesabu pini. Pini ya 7, ya 11 na ya 15 hubeba buluu, kijani na nyekundu. Zikikosekana, umeshika waya wa njano uliovaa nguo nyingine. Hakikisha pia kebo imetengenezwa kwa ajili ya mashine ya eneo lako: Super Nintendo ya PAL (mfumo wa runinga wa Ulaya) na ya NTSC (wa Marekani na Japani) zinahitaji vipuri tofauti ndani ya kebo, na GameCube ya PAL hutoa RGB ilhali ya NTSC haitoi. Kuna pia kichwa cha Kijapani chenye umbo lilelile ila nyaya zimepangwa vingine. Usivichanganye, unaweza kuunguza kifaa.

4. S-Video

Inatenganisha mwanga na rangi, basi. Kwa Nintendo 64 ambayo haijafunguliwa ndiyo njia bora uliyonayo, na kebo moja huingia kwenye Super Nintendo, Nintendo 64 na GameCube ya NTSC. Tatizo ni kupata runinga yenye tundu lake.

5. Waya wa njano

Kwenye runinga ya zamani ya kioo kinene haukuwa mbaya sana. Wachoraji wa gemu za Mega Drive walijua utachanganya rangi, wakachora mistari iliyopishana ili kwenye skrini ionekane kama maji yanayopitisha mwanga. Kwenye runinga bapa, hali ni tofauti: kila kasoro inakuzwa.

Za kuzikwepa

Kebo yenye njano, nyekundu na nyeupe upande mmoja na HDMI upande wa pili, bila kiboksi katikati na bila umeme, haiwezi kufanya kazi na konsoli yako. Analojia haigeuki namba bila chipu. Vile viboksi vidogo vya AV kwenda HDMI vinafanya kazi, lakini vinapokea picha iliyokwisha kuchafuka na mara nyingi vinaitanua ijaze skrini pana. Kama pesa ipo na una mashine za 240p, yaani za zamani zenye picha ya mistari 240, weka akiba ya OSSC au RetroTINK, viboksi vilivyotengenezwa kuigeuza picha ya konsoli za zamani ifae runinga za leo. Runinga nyingi za leo huidhania 240p kuwa 480i, zinaikoroga na kuichelewesha, hata kebo ikiwa nzuri kiasi gani.

Kwa wenye konsoli mpya, kabla ya kununua

Kagua kwanza runinga. Mara nyingi ni tundu moja au mawili tu ya HDMI yanayokubali fremu 120, na baadhi ya runinga hukutaka uwashe uwezo kamili wa tundu hilo kwenye menyu. Kama konsoli inapitia spika au risiva ya zamani, ichomeke moja kwa moja kwenye runinga na sauti uirudishe kwa eARC, njia ya HDMI ya kurudisha sauti kutoka kwenye runinga. Weusi ukionekana wa kijivu, au giza likimeza kila kitu, kiwango cha RGB (mpangilio wa wapi weusi unaanzia na weupe unaishia) cha konsoli na cha runinga havilingani. Viweke vyote otomatiki. Kisha weka 4K kwa fremu 120, fungua ukurasa wa PS5 unaoonyesha taarifa za picha inayotoka, na ucheze nusu saa. Skrini isipozima wala kumetameta, kebo uliyonayo inafaa.