Mashine ya Wembe: Tazama Wembe Umekaaje Kabla Hujatoa Hela

Baba yangu amenyoa ndevu kwa mashine moja tangu kabla sijazaliwa. Siyo ya umeme ya saluni. Nasema ile ya chuma unayofungua kofia, ukatia wembe wa makali kuwili, ukakaza, ukapaka povu na kunyoa. Yake ilikuwa Gillette Tech ya shaba, ya Uingereza, kitu alichokitunza kama saa ya mkononi. Mwaka jana tulihama nyumba, na kati ya maboksi na lori ikapotea. Nikaenda Kariakoo kumtafutia nyingine.

Muuzaji alinipa mashine inayong'aa ndani ya boksi jeusi lenye sponji. Bei 35,000. Nilipouliza kama itashika kutu, akachomoa sumaku mfukoni na kuigusisha. "Dada angu, ona mwenyewe, sumaku haishiki. Hii stenlesi tupu." Nikalipa.

Siku ya nne nilimkuta baba mbele ya kioo, vipande vitatu vya karatasi vimeganda kidevuni kwa damu. Akaniambia, "Mwanangu, upande huu unakata nyama, na huu wa pili haugusi hata ndevu." Mzee wa miaka 70 na kitu, amejinyoa maisha yake yote, leo anaogopa kioo chake. Niliichukua ile mashine nikaipeleka dirishani, na hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Wembe ulikuwa umekaa upande.

Wembe wa aina hii una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Unalazwa juu ya sahani yenye mgongo, kofia inakuja juu yake, na mpini ukikazwa kofia inaukunja wembe kufuata mgongo ule, ncha zake zikachungulia kushoto na kulia. Zikichungulia sawasawa, unanyoa raha. Matundu ya sahani yakiwa mapana kuliko vijiti vya kofia, wembe unateleza: upande mmoja makali yametoka nje nusu milimita zaidi, upande wa pili yamejificha. Nusu milimita utaiona ndogo, lakini ni mara tano ya unene wa wembe wenyewe, na ngozi ya shingo haina msamaha wa kiasi hicho.

Ninaposoma miongozo ya kununua mashine hizi naona watu wanabishana kuhusu uzito, urefu wa mpini, rangi, boksi la zawadi. Hayo yote utayazoea ndani ya wiki. Wembe uliokaa upande huuzoei; utakukata kila asubuhi, nawe utadhani mkono wako ndio mbaya.

Kwa hiyo nenda dukani na wembe wako mwenyewe. Nunua pakiti kwanza, bei yake haiumi. Mwombe muuzaji afungue boksi, tia wembe, kaza kwa vidole tu. Kisha igeuze kofia ikutazame machoni, simama penye mwanga, angalia ule mstari mwembamba wa chuma kila upande wa kofia: upana uwe mmoja, kuanzia kona hadi kona. Halafu itazame kwa ubavu, ule uwazi kati ya wembe na sahani uwe sawa pande zote mbili. Legeza, kaza tena, angalia upya. Ikikaa sawa mara ya kwanza na kupinda mara ya pili, iache. Mwisho, sikiliza skrubu wakati unakaza. Inatakiwa iingie kimya. Ikikwaruza au ikikwama katikati, siku moja itakatikia ndani ya mpini na hutapata fundi wa kuitoa.

Muuzaji akikataa kufungua boksi, toka. Usione haya.

Na ile sumaku msiiamini kabisa. Mashine nyingi za bei ya chini kichwa chake ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu, na zinki haishikwi na sumaku. Shaba haishikwi. Aluminiamu haishikwi. Hata stenlesi nyingine haishikwi. Kwa hiyo sumaku ya yule kijana haikuthibitisha lolote, na nina hakika ameshaitumia kwa mamia ya watu kabla yangu. Aloi ya zinki yenyewe siyo dhambi, hata makampuni makubwa huitumia. Shida inakuja ikimiminwa ovyo na kupakwa kromu nyembamba: kromu ikibanduka, maji na sabuni vinaingia, zinki inaanza kuota unga mweupe.

Sasa mashine zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza, na sina haja ya kuzunguka, ni Mühle R89 ya Ujerumani. Nimempa baba hii, nimemnunulia mume wangu hii, na mtu akiniuliza kesho nitataja hii hii. Ni ya vipande vitatu: kofia, sahani, mpini. Uzito gramu 60 na kitu, unaotosha mashine ijibebe yenyewe ili wewe usikandamize. Kichwa chake ni aloi ya zinki pia, lakini tazama kilivyomiminwa: vijiti vinaingia kwenye matundu bila kucheza, na kila nilipofungua na kufunga, mistari miwili ilibaki sawa. Ni laini shavuni, haina papara. Kwa mtu anayetoka kwenye nyembe za plastiki ndiyo mwalimu mzuri kuliko zote ninazozijua. Isuuze, ikung'ute, iache ikauke, na usiidondoshe kwenye sakafu ya vigae.

Edwin Jagger DE89 ya Sheffield, Uingereza, naiweka mara tu baada yake, maana vichwa vyao ni ndugu wa damu. Tofauti ipo kwenye mpini. Ukiipata kwa bei nafuu kuliko R89, chukua.

Ya tatu ni ile iliyomo kwenye sanduku la babu. Gillette walianza kuuza Tech mwaka 1938, na nyingi za zamani zilikuwa za shaba. Kama kuna moja kabatini, isugue kwa mswaki na maji ya sabuni, ifanyie ukaguzi ule ule wa dirishani, na huenda usinunue chochote. Nyembe za leo zinaingia bila shida, umbo halijabadilika.

Merkur 34C ya Solingen, Ujerumani, ni nzito, fupi, imara mno, na wengi wanaipenda. Mimi naiweka ya nne kwa sababu moja: mara kwa mara inabidi uusogeze wembe kidogo kwa kidole kabla ya kukaza ndipo ukae sawa. Kijana atavumilia. Mzee mwenye macho hafifu hatakiwi kufanya kazi hiyo saa kumi na mbili asubuhi.

Za elfu kumi, na zile za kufunguka kama mabawa ya kipepeo ambazo hazina jina: kama huna namna, kagua tano uchague moja iliyonyooka. Basi.

Bei ndiyo inayonichoma. Mashine ya Kijerumani inayouzwa huko kwa dola 40 au 50 ikifika hapa inabeba usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, hilo naelewa. Nisichoelewa ni muuzaji wa mtandaoni kuweka picha nzuri na kuandika "bei njoo inbox". Unamfuata, anakutajia bei kwa kupima picha yako ya wasifu. Nilimuuliza muuzaji mmoja kwa akaunti yangu na kwa akaunti ya mdogo wangu anayesoma chuo, siku moja, mashine moja, tukapewa bei mbili. Andika bei, ndugu yangu. Asiye nayo atapita, aliye nayo atanunua.

Upande wa nyembe, anza na Astra ya kijani. Feather ya Japani ni kali sana, iache mpaka mkono utulie. Badilisha wembe baada ya kunyoa mara nne au tano, usisubiri uanze kuvuta. Sabuni ya kijiti ya Arko kutoka Uturuki inatosha, na brashi yoyote laini ya nyuzi za kutengenezwa itatoa povu la kutosha na kukauka haraka. Ukimaliza, lowesha kipande cha shabu, lile jiwe la kukata damu, na ukipitishe usoni. Kinauzwa sokoni kwa wauza dawa na viungo, na vinyozi wa Pwani wamekitumia miaka mingi kabla hatujaletewa chupa za manukato yenye spiriti.

Wanaosumbuliwa na vipele vya ndevu wasikilize vizuri hapa. Nywele zetu zinajikunja. Wembe wa plastiki wenye makali matatu au matano unauvuta unywele, kisha unaukata chini ya usawa wa ngozi. Ukianza kuota unajipinda na kuchoma nyama kwa ndani. Wembe mmoja unakata juu ya ngozi. Fuata ndevu zinakoelekea, pita mara moja, usikandamize. Mume wangu alikaa na shingo yenye vipele miaka sita, na ilichukua karibu miezi miwili kutulia.

Nyembe zilizotumika tunazitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko kwa kisu, ili asije akakatwa kijana anayebeba taka. Baba ndiye mtunzaji wa kopo. Kila akitia wembe mpya anakwenda kwanza dirishani, anainua mashine usawa wa jicho, anaigeuza kushoto na kulia, kisha ndipo anarudi kwenye kioo.