Kofia ya chuma ya Mark II ya Afrika Kusini: usiilipie bei ya Vita vya Kwanza

Kofia bapa kama sahani, ukingo umezunguka pande zote: wauza vitu vya kale huipa jina moja tu, "ya Mwingereza, 1914." Mwaka huo jeshi la Uingereza halikuwa na kofia ya chuma, hataza ya John Brodie, aliyebuni umbo hili, ni ya 1915. Muuzaji akiongeza kwamba ilivaliwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza, hapo ametia chumvi kijiko kizima. Askari wale walivaa tarbushi za kaki.

Tunayoipima hapa ni Mark II, toleo la pili la kofia hiyo, iliyotengenezwa Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili. Majeshi ya nchi hiyo yalikuja Kenya mwaka 1940, yakaingia Somalia na Ethiopia kupigana na Waitaliano, kwa hiyo si ajabu kuikuta Afrika Mashariki. Ni kofia nzuri ya kuanzia mkusanyo, mradi uuziwe kwa jina lake.

Igeuze kwanza. Kisogoni, kwenye ukingo, tafuta matundu matatu ya kufungia pazia la kukinga shingo na jua. Hiyo ndiyo alama yake kubwa, lakini isikutoshe peke yake: huko Uingereza kofia zilizoshindwa jaribio la risasi zilitobolewa ukingoni pia, zikapewa walinzi wa raia. Hivyo ingia ndani. Kwenye bitana tafuta mshale uliochorwa ndani ya herufi U, muhuri wa mali ya jeshi la Afrika Kusini, na jina la mtengenezaji wa bitana, Jager Rand, pamoja na mwaka. Ukiona herufi za kiwanda BMB, HBH au JSS na mwaka kwenye chuma chenyewe, chini ya ukingo, hiyo ni ya Uingereza. Herufi Z ikifuatwa na herufi nyingine na namba ni M1917, kofia ya Marekani yenye umbo hilihili.

Kisha utosi. Bitana ya Mark II hushikwa na skrubu moja inayopita katikati, na ndani pana mto wa mpira wenye umbo la msalaba. Mark I ya Vita vya Kwanza ilipigwa ribiti. Hapa ndipo wengi huteleza: maganda ya zamani, yaani chuma chenyewe bila bitana, yalifungwa bitana mpya mwishoni mwa miaka ya 1930 yakaitwa Mark I*, kwa hiyo skrubu inakupa umri wa bitana, si wa ganda. Kwa ganda amini chapa.

Kwa zile za Uingereza, beba sumaku. Ganda la jeshi lina manganizi karibu asilimia 12, na sumaku haishiki. Iweke ubavuni, kamwe si ukingoni, maana utepe wa ukingo huweza kuwa chuma cha kawaida ukakudanganya. Ikinata ubavuni, mara nyingi ni ya walinzi wa raia.

Udhaifu wake ni bitana. Kitambaa kilichopakwa mafuta hukauka na kupasuka, mpira hugeuka jiwe, na springi zilizo ndani ya mkanda wa kidevu hula kutu kwanza, hasa kofia ikikaa pwani. Bitana ikiwa imetoka au imebadilishwa, omba punguzo kubwa. Mwaka na muhuri umeondoka nayo.

Chapa isiposomeka, usiguse msasa wala brashi ya waya. Osha ukingo kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, bila kulowesha bitana, kausha kivulini. Paka unga wa chaki, futa juu juu ubaki ndani ya mikwaruzo, halafu laza tochi ubavuni. Skrubu iliyoganda itie tone la mafuta mepesi na uiache hadi kesho. Ukiilazimisha itakatika kichwa, na kofia yenye skrubu ya dukani kila mnunuzi ataitilia shaka.