Siku nne na mama kwenye hoteli ya nyota tano, uzoefu wangu

Naandika hii mapema kabla sijasahau vitu vidogo vidogo, maana ndo vilivyonigusa kuliko marumaru za mapokezi na ile taa kubwa inayoning'inia pale katikati. Nilimpeleka mama yangu hoteli ya nyota tano siku nne, zawadi ya kustaafu kwake, hela nilijikusanya karibu mwaka mzima. Mama alifanyiwa upasuaji wa goti miezi michache iliyopita, anatembea na fimbo, anatembea vizuri tu ila mguu hawezi kuuinua juu. Kwa hiyo wiki tatu kabla nikawaandikia imeili nikaomba vitu vitatu tu, chumba karibu na lifti, vitanda viwili, na bafu lenye shawa ya kuingia moja kwa moja, sio bathtabu ya kupanda. Wakanijibu siku ile ile kwamba maombi yangu wameyapokea na watayafanyia kazi. Nikatulia.

Tumefika saa saba mchana. Chekini yao ni saa tisa, hilo nalijua na siwalaumu hata kidogo. Watu wengi wanagombana na mapokezi hapa bila sababu, mgeni wa jana anatoka saa tano au saa sita, halafu chumba kitandikwe upya, bafu lisuguliwe, supavaiza apite akague, ndo kompyuta ionyeshe kwamba kiko tayari, na vyumba vya namna hiyo ni vingi kwa siku moja. Tukapewa viti, maji, na vitaulo vya baridi vya kufuta uso. Mpaka hapo safi kabisa.

Saa tisa ikapita. Saa kumi kasoro nikaenda kuuliza, kijana wa mapokezi akanijibu "bado kidogo" huku macho yake yamebaki kwenye skrini. Saa kumi na dakika ishirini ndo tukapewa kadi za mlango, tunapanda, tunafungua, kitanda kimoja kikubwa, chumba kiko mwisho kabisa wa korido ndefu, na bafuni kuna bathtabu ya kizamani yenye miguu, ukingo wake unanifika mapajani mimi, sasa fikiria mama.

Nikarudi chini. Kumbe imeili yangu ilijibiwa na mtu mmoja na bukingi iko mikononi mwa mwingine, mimi nilibuki kupitia tovuti ya mawakala, na yale maombi hayakuandikwa popote kwenye bukingi yenyewe. Halafu kibaya zaidi vyumba vya aina ile vilikuwa vimeisha. Hoteli nyingi huwa zinauza vyumba kuzidi vilivyopo, wanahesabu kwamba kila siku kuna wageni wataghairi au hawatatokea, sasa siku ambayo wote wanatokea, anayefika mwisho ndo anaumia, wengine wanahamishiwa hata hoteli nyingine. Hiyo biashara naielewa, chumba kilicholala tupu usiku huu hakiuziki tena kesho. Ila basi ukishajua una mgeni mwenye fimbo ambaye aliomba wiki tatu kabla, na amekaa mbele yako tangu saa saba, huyo usimwache wa mwisho.

Nilimuuliza yule kijana sasa tunafanyaje, akaniambia, "Pole sana kaka, mi sina mamlaka ya kubadilisha chumba, mpaka meneja, na meneja ameshatoka." Alisema kwa upole na sikumkasirikia yeye, niseme ukweli. Lakini hiyo sentensi imenikaa kichwani mpaka leo na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika yote haya.

Usiku ule mama aliingia bafuni, akashika ukingo wa bathtabu kwa mkono mmoja na sinki la kunawia kwa mkono mwingine, akajaribu kuinua mguu, ukagota katikati. Akajaribu tena kwa kujigeuza ubavu. Mi nimesimama mlangoni nimegeuka pembeni, nasikia fimbo inateleza kwenye vigae. Akasema, "Acha mwanangu, leo nitajifuta tu na taulo, kesho ni siku." Mama hakulalamika hata neno moja, na hilo ndo lililoniuma zaidi, kwamba nimempeleka sehemu ya kifahari kuliko zote alizowahi kulala halafu analala hajaoga.

Asubuhi sasa. Nilikuwa nimeshuka kuulizia meneja, narudi nakuta dada wa usafi yuko chumbani na mama wanaongea. Mama akanihadithia baadaye jinsi ilivyokuwa. Yule dada aliingia akamwamkia, akaanza kutandika, akaenda bafuni, akakaa kimya kidogo, akatoka akauliza, "Mama, jana hukuoga eeh?" Aliona bathtabu iko kavu, mkeka wa miguu haujaguswa, taulo moja ndogo tu ndo imetumika, na fimbo imeegeshwa pembeni ya kitanda. Hakuna aliyemwambia kitu, aliunganisha mwenyewe. Akatoka, akarudi na kiti cha plastiki kigumu chenye miguu mipana, na mkeka wa mpira usioteleza, akauweka, akaukandamiza kwa kiganja pembe zote nne kuhakikisha umeshika, akasogeza kile kiti, akafungua shawa ya mkono akaiacha ikining'inia pale mama anapoifikia akiwa amekaa, na taulo akalitoa kule juu kwenye rafu akaliweka begani mwa kiti kingine. Dakika kumi labda. Halafu akamwambia mama, "Hiki chumba sio chako kabisa, ngoja nikaongee."

Na kweli akaongea. Alimwambia supavaiza wake, supavaiza akapiga simu mapokezi, na saa sita mchana tukahamishiwa chumba chenye shawa ya chini, vitanda viwili, hatua kama ishirini kutoka lifti. Yaani mtu mwenye cheo cha chini kabisa kwenye jengo zima ndo alitatua kitu ambacho mapokezi wenye kompyuta na suti walisema hakiwezekani mpaka meneja.

Nilivyorudi nyumbani nikaanza kusoma hizi nyota maana yake nini hasa, kwa sababu mi nilidhani nyota tano maana yake utasikilizwa. Kumbe hakuna chombo kimoja cha dunia nzima kinachogawa nyota. Utaratibu unatofautiana nchi na nchi, Ulaya kuna nchi kadhaa zimejiunga kwenye mfumo mmoja unaoitwa Hotelstars tangu 2009, Ufaransa wao juu ya nyota tano wameweka daraja lingine la Palace tangu 2010, na ile habari ya nyota saba ya Burj Al Arab pale Dubai, hoteli iliyofunguliwa 1999, sio daraja rasmi popote, ni sifa iliyotoka kwenye magazeti, kiserikali ni nyota tano. Na sehemu kubwa ya nyota hizi inapimwa kwa vitu vinavyohesabika, ukubwa wa chumba, kuna lifti au hakuna, mapokezi yako wazi saa ngapi mpaka saa ngapi. Forbes Travel Guide, ambao nao wanagawa nyota zao kwa hoteli, kidogo wako tofauti, walianza 1958 kwa jina la Mobil, wao wanatuma wakaguzi wanaolala kama wageni wa kawaida bila kujitambulisha na uzito mkubwa wanauweka kwenye huduma. Kwa hiyo ukiona nyota tano kwanza uliza ni nyota za nani.

Kitu kingine kilichonifikirisha, hoteli ya Ritz pale Paris ilipofunguliwa 1898 ilikuwa miongoni mwa hoteli za kwanza kuweka bafu ndani ya kila chumba, pamoja na umeme na simu, na hiyo ndo ilikuwa anasa yenyewe, watu walishangaa. Leo bafu la ndani, umeme na simu unavipata hata gesti ya kawaida. Vitu vyote vya kununua vinaigwa, kitanda kizuri kinaigwa, shuka zinaigwa. Kilichobaki cha kukutofautisha ni yule mtu anayeona bathtabu iko kavu.

Na wapo walioliona hili zamani. Hoteli za Ritz-Carlton wanajulikana kwa utaratibu wao kwamba kila mfanyakazi, hata wa usafi, anaruhusiwa kutumia mpaka dola 2,000 kwa mgeni mmoja kutatua tatizo lake bila kumuomba ruhusa bosi. Sio kwamba kila siku mtu anatumia hizo hela, sidhani kama hata wengi wanazifikia, ila mfanyakazi akijua anaaminiwa kiasi hicho hawezi kukuambia "mpaka meneja". Kijana wetu wa mapokezi angekuwa na ruhusa hata ya kuhamisha wageni wawili tu tungemaliza mambo saa kumi na nusu na mama angeoga.

Haya, mazuri mengine niyaseme maana yapo. Wahudumu wa korido wako vizuri sana. Kuna rafiki yangu aliwahi kufanya kazi hotelini akaniambia wanafundishwa kwamba mgeni akiwa futi 10 umtazame usoni na utabasamu, akifika futi 5 umsalimie, na pale niliiona kabisa ikifanyika kila siku. Jioni wanapita kufunga mapazia, kukunja shuka pembeni na kuwasha taa ndogo, na siku ya pili walishajua upande gani mama analala, maji na dawa zake wakavisogeza upande huo.

Na yule mzee wa pale kwenye meza pembeni ya mapokezi, mwenye funguo mbili za dhahabu zimepishana kwenye kola ya koti, huyo mpeni maua yake. Nilimuuliza zile funguo ni za nini, akaniambia ni chama cha watu wa kazi yake, konsieji, yaani wale wanaowapangia wageni safari na shughuli zao, kinaitwa Les Clefs d'Or, kilianzia Paris 1929, huzivai mpaka chama kikukubali. Mama alitaka kwenda kuona bustani moja kubwa, mzee hakutupa ramani tu, alinyanyua simu akawauliza kuna ngazi ngapi getini, kuna mabenchi kila baada ya umbali gani, na choo cha karibu kiko wapi. Akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa akampa mama mwenyewe mkononi, sio mimi. Mama bado anayo ile karatasi kwenye pochi.

Sasa kuhusu meneja. Siku ya pili jioni tulikuta kikapu chumbani na kadi imeandikwa "Mgeni wetu mpendwa, samahani kwa usumbufu." Hakuna jina letu, hakuna usumbufu gani, hakuna yeye mwenyewe. Mi sikutaka kikapu jamani, nilitaka mtu aje dakika mbili amwambie mama, "Mama, tulikosea, uliomba hiki na hatukukupa." Kikapu tuliacha vile vile.

Siku ya kuondoka kuna mambo mawili ya kujua kama wewe ni mgeni na hoteli hizi. La kwanza, wakati wa chekini wanazuia kiasi cha hela kwenye kadi yako juu ya bei ya chumba, kwa ajili ya vitu utakavyotumia. Hawajazichukua, wamezifungia tu, lakini kufunguliwa kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka, na kama ni kadi ya debiti unaisikia hasa kwa sababu ni hela yako mwenyewe hauwezi kuigusa. Mi hakuna aliyenieleza, nimegundua nataka kulipia kitu kingine kadi inagoma. Waulize pale pale ni kiasi gani na zitarudi lini.

La pili, lile friji dogo la vinywaji. Bili ilikuja na chupa mbili ambazo hatukunywa. Mama alikuwa amezisogeza aweke dawa zake ziwe baridi, na mafriji mengine yana kifaa cha kuhisi, ukinyanyua kitu kikikaa nje muda fulani kinaandikwa kwamba umekitumia. Walizifuta, ila dada wa keshia aliniuliza mara mbili mbele ya watu, "Una uhakika lakini?" Hapo sikupenda. Mama alikuwa amesimama pembeni yangu na alisikia, akaanza kujieleza kuhusu dawa zake mbele ya foleni, mtu aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote. Kama umeamua kumwamini mgeni mwamini mara ya kwanza.

Kwa hiyo nimewapa nyota tatu kati ya tano, mbili zote ni za yule dada wa usafi na yule mzee wa funguo, moja ni ya wengine wote waliobaki. Kama unaenda na mzazi au mtu mwenye shida ya kutembea, usiishie kwenye imeili, piga simu hotelini kwenyewe siku moja kabla, muulize unayeongea naye akusomee kilichoandikwa kwenye bukingi yako neno kwa neno, na neno "tumepokea" usilichukulie kama ahadi.

Tulivyokuwa tunatoka mama alitaka kumuaga yule dada, tukaambiwa yuko ofu siku hiyo. Mama akaomba karatasi na kalamu, akakaa pale pale kwenye kochi la mapokezi akaandika kurasa mbili kwa mwandiko wake wa ubaoni, gari linasubiri nje na hakujali. Bahasha hakumpa kijana wa mapokezi. Alitembea na fimbo yake mpaka kwa mzee wa funguo, akamkabidhi mkononi, akamwambia, "Hii umpe mwenyewe, na meneja umsomee."