Ons' Lieve Heer op Solder, Amsterdam: nyumba ya mfanyabiashara yenye kanisa darini

Ukipita Oudezijds Voorburgwal namba 38 bila habari, utaona nyumba ya kawaida ya ukingoni mwa mfereji, kumbe ndani ni makumbusho yenye kanisa lililofichwa. Ndivyo ilivyokusudiwa. Tangu 1578 Wakatoliki wa Amsterdam walikatazwa kusali hadharani, lakini wakuu wa mji walifumba macho mradi kanisa lisijulikane kutoka nje. Mwaka 1661 Jan Hartman, mfanyabiashara Mkatoliki, aliinunua nyumba hii pamoja na mbili za nyuma yake, na kufikia 1663 dari za zote tatu, yaani ghorofa za chini ya paa, zilikuwa kanisa moja.

Hapo juu ndipo pa kutumia muda wako. Simama katikati uinue macho: sakafu za ghorofa mbili za juu zimekatwa tundu kubwa, na vipande vilivyobaki pembeni vikawa roshani za waumini. Sakafu ikishakatwa hivyo, uzito wa roshani unahitaji kushikiliwa upya, ndiyo maana utaona fimbo za chuma. Wengi hukimbilia altare na kuzipita, ilhali ndizo zinazoeleza jengo lilivyogeuzwa. Ufinyu pia umezaa ufundi: mimbari hukunjwa ikafichwa ndani ya nguzo ya altare.

Usidhani kila kitu ni cha Hartman. Picha ya Ubatizo wa Kristo juu ya altare ni ya Jacob de Wit, 1716. Rangi ya waridi iliyofifia inafuata sura ya kanisa miaka ya 1860. Atakayetaka karne ya 17 tupu atanung'unika, ila uamuzi wa kuirudisha sura hiyo ni wa haki, kwani ibada ziliendelea hadi 1887, na nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho 1888. Karne ya 17 yenyewe iko chini, sebuleni kwa Hartman, ambako kila upande umepangwa ulingane na mwenzake.

Siku hizi unaingilia jengo jipya la jirani, kisha unapita chini ya kichochoro hadi nyumba kongwe. Ngazi ni nyembamba, zimesimama wima na zina kona kali: kiti cha magurudumu hakipandi, na mwenye magoti mabovu ataumia zaidi akishuka. Begi la mgongoni liache kabatini. Nenda asubuhi, maana kundi moja tu likisimama ngazini, wote wa nyuma wanasubiri.